Fimbo ya Vyoo na Nesi Mgeni

Wiki iliyopita nilikabidhi ofisi. Ofisi yenyewe ni meza moja, kabati lisilofungika, na funguo za pikipiki iliyostaafu miaka minne kabla yangu. Kijana aliyenipokea ana shahada, ana simu yenye ramani ya kata nzima, na ana adabu pia, kwa maana aliniuliza kama kuna jambo lolote la kumwachia zaidi ya yaliyo kwenye orodha ya makabidhiano. Nikamwambia lipo, ila ni refu, nitaliandika. Wanaotaka kujua nilipandaje vyeo wanisamehe. Nilipanda zaidi vilima vya kata yetu ya Masukulu kuliko vyeo, na hata huko nilipanda nikilalamika.

Nilikuwa Bwana Afya. Kwa asiyejua kazi yetu: daktari hukutibu, nesi hukuuguza, Bwana Afya huja kuchungulia choo chako. Ndiyo maana daktari akipita njiani watu humkaribisha chai, na mimi nikipita mwenye nyumba hukumbuka ghafla kwamba ana shughuli shambani. Utazoea, kijana wangu. Mimi nilizoea mwaka wa sita.

Siku ya kwanza nilipokelewa na Mzee Angetile, msaidizi wa afya aliyekuwa amebakiza miaka miwili astaafu. Alikuwa mtu mfupi, mkimya, mwenye koti la mvua ambalo sikuwahi kumwona bila. Alinipa fimbo ya mwanzi yenye urefu wa mita mbili, imekatwa alama za kisu kila nusu mita, akaniambia hiyo ndiyo ofisi. Kazi yake ilikuwa kupimia kina cha shimo la choo. Unaitumbukiza, unaitoa, unasoma alama, unaandika. Aliniagiza niioshe mtoni kila jioni kwa sabuni na dawa, nami niliiosha kila jioni kwa miaka thelathini na mitatu, ingawa mpaka leo hakuna mtu wa kata hii anayeamini kwamba imewahi kuoshwa.

Alinifundisha jambo la pili siku hiyo hiyo. Usimuulize mtu kama ana choo, alisema, kwa sababu hakuna asiyenacho ukiuliza. Wewe omba kujisaidia. Mwenye choo atakuonyesha njia, asiye nacho ataanza kukueleza habari za mkutano wa kanisa. Nilifuata ushauri huo kwa bidii ya kijana. Tatizo ni kwamba kila nyumba walinipa kwanza kikombe cha chai, kwa kuwa bado hawakunijua, na nilipofika nyumba ya kumi na moja nilikuwa siulizi tena kwa ajili ya kazi. Nyumba hiyo ndiyo iliyonisimulia habari za mkutano wa kanisa, mwanzo hadi mwisho.

Nitawapeni kisa kimoja tu cha miaka ile ili mjue mnaingia wapi. Kulikuwa na mkulima mmoja wa ndizi aliyejenga choo kizuri kuliko nyumba yake, kimepakwa chokaa, kina mlango wa mbao na kufuli. Kila nilipopita alinifungulia, nikapima, nikamsifu. Mwaka wa tatu ndipo nilipogundua kwamba alama kwenye fimbo hazijawahi kulowa shimoni mwake. Nilipombana alinieleza kwa upole kwamba hicho ni choo cha serikali, yeye na familia yake hawathubutu kukichafua. Sikumwandikia kosa, kwa kuwa katika kitabu changu hapakuwa na safu ya kosa kama lile.

Basi tukafika mwaka wa korona. Tuliitwa semina mjini Tukuyu, watu thelathini katika chumba cha watu kumi na watano, tukafundishwa kutokaa tumebanana. Mapumziko tukanywa chai na maandazi ya sinia moja, tukashindana kunyoosha mikono, tukarudi ndani kujifunza kunawa. Kila mmoja alipewa sanduku la kupeleka kwenye zahanati yake. La kwangu lilikuwa na mabango, kipimajoto cha kuelekeza kwenye paji la uso, na seti mbili za mavazi ya kujikinga: gauni jeupe, kofia, miwani mikubwa, barakoa, glovu, na mifuko ya kuvalia juu ya viatu. Tuliambiwa kila seti huvaliwa mara moja na kuteketezwa. Hilo likumbukeni.

Kipimajoto hakikuwa kimetengenezwa kwa ajili ya watu wa Rungwe. Asubuhi ya kwanza, katika ukungu na baridi yetu ya kawaida, nilimpima mtendaji wa kijiji nikapata nyuzi thelathini na moja. Kwa mujibu wa kitabu, mtu huyo alikuwa karibu na kufariki, naye alikuwa amesimama mbele yangu anakula parachichi. Nikajipima mwenyewe nikakuta tunalingana. Tangu siku hiyo tulimpima mtu baada ya kumkalisha kwanza karibu na jiko la mama muuza chai, na kwa njia hiyo tukapata siku mbili homa nyingi ambazo hazikuwepo.

Barakoa nazo zilikuja. Fundi Saidi, mshonaji wa pale senta, alizishona kwa mabaki ya sare za kwaya, hivyo kila aliyepita alionekana kama sauti ya tatu. Mtendaji akabandika tangazo kwamba haingii mtu ofisini bila barakoa, na kwa kuwa alikuwa mtu wa huruma, akatundika barakoa moja msumarini mlangoni kwa ajili ya wasio nayo. Mtu aliingia, akaivaa, akasikilizwa shida zake, akatoka, akamvisha anayefuata. Nilipoikuta ilikuwa imefanya kazi hiyo wiki mbili. Niliiondoa kwa fimbo.

Fimbo ndiyo iliyoniokoa kwenye suala la umbali. Watu wetu husalimiana kwa kushikana mikono na hawaiachii upesi, wanauliza habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua, na mkono wako umo humo humo. Kuwaambia waachane hatua mbili ilikuwa kama kuwaambia wagombane. Kijana mmoja aliyetoka mjini alijaribu kumsalimia mzee kwa kugonganisha viatu, mzee akadhani amepigwa teke, ikabidi wakae kikao. Mimi Jumapili moja nilisimama mlangoni mwa kanisa na fimbo yangu, nikailaza kwenye benchi kati ya mtu na mtu kupima nafasi. Kila nilipoilaza, watu walisogea wenyewe, na walisogea zaidi ya mita mbili. Wote walikuwa wanaijua fimbo ile na walijua imekuwa ikiingia wapi. Afisa wangu wa wilaya alikuja kutazama, akashangaa jinsi watu wa Masukulu walivyoielewa elimu ya umbali. Nikamwambia ni elimu ya muda mrefu.

Lakini kulikuwa na watu wawili katika kijiji chetu ambao hawakuhitaji fimbo wala semina. Walikuwa wamekaa mbali mbali kwa miaka kumi na moja, na hao ndio hasa walionifanya nishike kalamu.

Wa kwanza ni Tusekile, nesi wetu wa zahanati, mwanamke mwenye mikono mepesi na mdomo mwepesi zaidi. Wa pili ni Mzee Mwaisumo, mkulima wa ndizi, si yule wa choo cha serikali, baba wa mume wake. Kwa desturi yetu Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Si ugomvi, ni heshima. Tangu siku anapoolewa, mwanamke hamtazami baba wa mumewe usoni, hasemi naye, hataji jina lake, na wakikaribia kukutana njiani mmoja huingia migombani mpaka mwenzake apite. Vijana wa mjini wameacha. Mzee Mwaisumo hakuwa kijana wala mtu wa mjini, na Tusekile, pamoja na cheti chake na koti lake jeupe, alikuwa mkamwana aliyelelewa vizuri.

Kwa hiyo mzee hakuwahi kutibiwa kwetu. Akiumwa kichwa alipanda bodaboda hadi Tukuyu kumeza vidonge viwili ambavyo tulikuwa navyo kopo zima. Ikitokea amekuja zahanati kwa mkutano wa kijiji, Tusekile alitoka kupitia dirisha la stoo, na rangi ya dirisha hilo imechubuka kwa magoti yake. Lakini msidhani hawakupendana. Kila Jumapili Tusekile alimpikia, akawatuma binti zake wapeleke: kapu la mbalaga, zile ndizi zetu za kupika, limefunikwa jani la mgomba na kufungwa kamba. Mzee alikula, akarudisha kapu na parachichi ndani yake. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao.

Mwaka ule, masika yalipokolea, panga lilimponyoka mzee akikata migomba, likamchana mguu chini ya goti. Alilifunga jeraha kwa majani na kunyamaza. Mimi nililigundua siku nimekwenda kukagua choo. Pua yangu ilikuwa imefanya kazi kwa miaka mingi mahali pagumu, haidanganyiki, na nilipomwamkia tu nilijua kwamba harufu ile haitoki chooni. Nikamwambia aonyeshe mguu. Nikamwambia aende Tukuyu siku hiyo hiyo.

"Siendi," alisema. "Nikifika Tukuyu wakati huu watanipima, wataniambia mguu una korona, wataniweka kambini. Nani kamwona mtu aliyerudi kutoka huko?"

Nilimweleza kwamba wengi wamerudi. Akaniomba nimtajie mmoja wa kijiji chetu. Kwa kuwa hakuna aliyekuwa amekwenda, sikuwa na wa kumtaja, na barabara yenyewe ilikuwa tope hadi magoti ya pikipiki, kama pikipiki ina magoti. Nikampiga mguu picha, nikarudi zahanati.

Tusekile aliitazama picha ile muda mrefu bila mzaha wowote, na hapo nikaogopa. Alisema kidonda lazima kioshwe na kufungwa kila siku, na sindano juu yake, la sivyo mguu utaondoka, na katika umri ule huenda usiondoke peke yake. Tabibu wetu alikuwa ameitwa Tukuyu kusaidia wagonjwa, hatukujua atarudi lini. Nesi alikuwa yeye tu. Akaketi juu ya sanduku la vyandarua akalia, mwanamke niliyekuwa sijawahi kumwona akilia hata kwenye msiba.

"Nimesoma nitibu watu wote wa kijiji hiki," alisema. "Halafu babu wa wanangu aoze mguu nyumba ya tatu kutoka kwangu?"

Tulijaribu kwanza njia ya heshima. Mzee angekuja zahanati, mimi ningekiosha kidonda, na Tusekile angekuwa stoo, mlango umefungwa, akinipitishia maelekezo kwa vikaratasi chini ya mlango. Naomba mwelewe kwamba mimi nilisomea kukagua vyoo na nyama za buchani. Nyama niliyoizoea haina mwenyewe anayekutazama. Kikaratasi cha kwanza kilisema: nawa mikono. Nikanawa vizuri sana, niliurefusha unawaji huo kadiri nilivyoweza. Cha pili kilisema: fungua majani taratibu. Cha tatu sikukisoma. Nilipofumbua macho nilikuwa sakafuni, na Mzee Mwaisumo alikuwa ananipepea kwa kofia yake, akinipa pole kwa kazi ngumu.

Nikiwa bado pale chini ndipo nilipoliona sanduku la semina chini ya kitanda cha wagonjwa.

Nilimwambia mzee kwamba kesho yake nitamletea nesi mgeni kutoka wilayani, bingwa wa vidonda. Akauliza ni mtu wa wapi. Nikasema wa mbali. Akauliza jina lake. Nikasema kwa sasa majina ya manesi hayatajwi, ni masharti ya korona. Akauliza kama anajua Kinyakyusa. Nikaona Kinyakyusa kitatuponza, nikasema nesi huyo haruhusiwi kusema lolote karibu na mgonjwa, nayo ni masharti ya korona. Mzee akatikisa kichwa, akasema ugonjwa huu una masharti mengi kuliko mganga.

Kumshawishi Tusekile kulikuwa kugumu zaidi. Alizunguka zile nguo mara tatu. Mwishowe nilimwambia hivi: uso wako hatauona, sauti yako hataisikia, jina lake hutalitaja, na mkono wako hautamgusa, zitakazomgusa ni glovu. Heshima gani itakuwa imevunjika? Alifikiri, akasema hakuna, akaingia stoo kuvaa. Alitoka mweupe kuanzia utosini hadi nyayoni, hata mimi nikamwamkia.

Mzee alipomwona alisimama kidogo, kisha akaketi na kutazama ukuta. Tusekile akapiga magoti mbele ya mguu, miwani ikajaa mvuke papo hapo kwa baridi yetu, na dawa yote ya kwanza akaimwaga kwenye kiatu changu. Kusema hawezi, kuvua miwani hawezi. Nikachukua fimbo, ambayo asubuhi ile nilikuwa nimeiosha mara mbili, nikawa nausogeza mkono wake kwa ncha isiyoingia shimoni, kushoto kidogo, kulia kidogo, hadi alipofika mahali pake. Mzee Angetile, Mungu amrehemu, hakuwahi kuwaza kwamba fimbo ile ingefika huko.

Baada ya hapo mikono yake ilijua kazi yenyewe. Aliosha, alisafisha, alichoma sindano, akafunga bendeji na kukaza fundo. Mzee aliitazama ile bendeji kwa muda mrefu sana, nikadhani anasikia maumivu, nikampa pole. Akashika kofia yake akaondoka, na kesho yake alikuja kabla ya mimi kufika.

Mambo ya mguu yakawa yanakwenda vizuri. Yaliyokwenda vibaya ni masharti yangu. Kwenye benchi la nje kulikuwa na wagonjwa wengine, nao wana masikio. Siku ya nne mtendaji alitangaza mkutanoni kwamba kwa agizo la Bwana Afya ni marufuku nesi kuongea na mgonjwa, kwa kuwa korona inapenda maneno ya kitabibu. Tusekile alipomuuliza mama mmoja mtoto anaharisha tangu lini, yule mama alimziba mtoto masikio akatoka mbio. Wengine walikuja wakajibu maswali ambayo hawakuulizwa, kwa vidole. Kwaya ilituma mjumbe kuuliza kama kuimba nako ni kuongea. Nilitaka kulikanusha agizo, lakini kila nilipofungua mdomo nilimwona Mzee Mwaisumo kwenye benchi, mguu umenyooshwa, anasikiliza.

Kisha bosi wangu akapiga simu kutoka wilayani. Alitaka kujua waraka huo wa kunyamazisha manesi umetoka wapi, maana yeye hakuuona. Nikamwambia ni utaratibu wa majaribio wa kijiji. Akasema basi niandike taarifa ya matokeo. Niliiandika ukurasa mmoja, nikaeleza kwamba foleni imepungua, jambo ambalo lilikuwa kweli kabisa.

Kuhusu yale mavazi ya kuvaliwa mara moja, najua mmekuwa mkisubiri. Tulikuwa na seti mbili na siku kumi na tisa za kidonda. Glovu tulibadilisha kila siku, hizo zilikuwepo. Gauni, kofia na miwani tulivifua, tukavianika nyuma ya zahanati kwa zamu, kimoja kinavaliwa kingine kinakauka, na kwetu masika hakuna kinachokauka. Siku nyingine Tusekile alivaa gauni bichi akaosha kidonda huku anatetemeka. Dereva mmoja wa bodaboda aliliona limening'inia kwenye ukungu akarudi nyumbani bila abiria. Si utaratibu, na msiige.

Na kwenye kitabu cha wagonjwa utakuta mistari kumi na tisa ambayo haina jina. Imeandikwa tu: mzee wa mguu. Mkaguzi aliwahi kuuliza. Nikamwambia aliyeandika haruhusiwi kulitaja, naye, kwa kuwa alikuwa mtu wa huku huku, akapiga muhuri.

Siku ya kumi na tisa kidonda kilikuwa kimefunga. Tusekile alipitisha kidole juu ya kovu, akafunga bendeji nyepesi ya mwisho, akasimama, akaingia stoo na kufunga mlango. Mimi nilianza kukusanya vyombo. Mzee hakuondoka. Alinionyesha kiti.

"Huyu nesi mgeni anarudi lini wilayani?"

"Leo, tata," nikasema, kwa heshima ya mwana kwa baba.

"Mwambie ndaga fijo."

Nikasema nitamfikishia shukrani zake.

"Mwambie na fundo lake asilibadilishe."

Nikamuuliza fundo gani. Akaweka kidole juu ya bendeji, pale ilipokazwa. Kwa mara ya kwanza nikalitazama: lilizungushwa mara mbili, ncha zote zimeingizwa chini kwa chini, halina mkia.

"Kila Jumapili miaka kumi na moja nafungua kapu lenye fundo hili," alisema. "Si la watu wa hapa. Ni la kwao Kisondela. Siku ya kwanza tu nilijua ni mikono ya nani."

Nilikuwa nimeshika ndoo na sikujua niiweke wapi. Nikamuuliza kwa nini basi hakusema, siku zote hizo, masharti yote yale, mimi nikidanganya kijiji kizima na wilaya juu yake.

"Ningesema, angevua glovu," mzee alisema. "Akivua glovu yeye ni mkamwana, mimi ni baba mkwe. Mguu angeosha nani? Wewe unayeanguka?"

Ndani ya stoo kitu kilianguka, nadhani sanduku la vyandarua. Nikamwambia mzee ni panya.

"Naam," alisema akitafuta kofia yake. "Panya huyo analia. Mpe maji."

Nilipofungua mlango Tusekile alikuwa ameketi sakafuni na lile gauni, miwani juu ya paji la uso, anacheka na kulia kwa pamoja. Sikumwambia ujumbe wa mzee kwa kuwa alikuwa ameusikia wote. Nilimpa maji kama nilivyoagizwa.

Korona ikapita, au sisi tukaizoea, na likaja agizo la kuteketeza mavazi yote yaliyobaki. Niliteketeza seti moja. Ya pili, kijana wangu, ndiyo ile uliyoikuta kwenye kabati lisilofungika, ukauliza mbona imechakaa hivi na kwa nini nimeandika pembeni mwa orodha kwa wino mwekundu: isichomwe. Sasa unajua. Mzee Mwaisumo haendi tena Tukuyu kwa ajili ya kichwa. Akiumwa anakuja zahanati, anasimama nje mlangoni, anauliza kwa sauti kubwa, "Nesi mgeni yupo?" Nawe usimjibu haraka. Mwambie akae kwenye benchi, unakwenda kumtazama. Mpe Tusekile muda wa kuvaa. Usisahau kufuta miwani kwa sabuni, inapunguza mvuke.

Siku niliyoaga hakukuwa na sherehe kubwa. Mtendaji alisema maneno, kwaya iliimba, fimbo nikamkabidhi kijana mbele ya watu na nikaona jinsi alivyoishika kwa vidole viwili. Watu walipoanza kutawanyika, Tusekile alitoka ndani na kapu, akaliweka kwenye benchi la wagonjwa, hakumtazama mtu, akarudi ndani. Mzee Mwaisumo alikuwa amesimama migombani upande wa pili, ameupa uwanja mgongo. Alipousikia mlango ukifungwa akageuka, akaja kwa miguu yake miwili, bila mkongojo, akalichukua kapu kutoka kwenye benchi na kunikabidhi. Lilikuwa la moto, linanukia mbalaga, limefunikwa jani na kufungwa kamba ya mgomba, imezungushwa mara mbili, fundo halina mkia.

Nikaingiza mkono mfukoni kutafuta kisu. Mzee akanishika mkono.

"Nesi mgeni amesema usikate," alisema. "Fungua."